Taa ya Kauri kwenye Bani

Wapenda methali husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hakuna anayeongeza kwamba umwambie na kilichomo. Consolatha alibebeshwa wa kwake msimu huu, nao ulikuwa mdogo kama kisoda.

Tangu aolewe na Ambrosi, katika kijiji kilicho nje ya Tabora kwenye njia ya zamani ya misafara, mwenye moto ni yeye. Ambrosi hulima na kuuza. Tumbaku ikishaingia kwenye bani, kile chumba cha matofali cha kukaushia, ni Consolatha anayelisha tanuru. Mama mkwe wake, Apolinaria, alimfundisha aweke kiganja ukutani, anuse, ndipo atie kuni. Mkono wake una kovu la kazi hiyo, lakini wakitajwa wakaushaji hodari, hutajwa Ambrosi.

Basi wakaja watu wa mradi, wakaita wakulima semina. Wakulima maana yake wanaume. Ambrosi akarudi ameshiba pilau, na mkononi ana kigae cha kauri chenye taa ndogo. Hakitaki betri, akasema, joto lenyewe hukipa umeme. Consolatha akauliza kinasomwaje. Mumewe, aliyesinzia nusu ya semina, akajibu kwamba taa ikiwaka moto upo, ikizima moto umekufa. Akakitundika kwenye bani, akaenda kucheza bao.

Majani yalikuwa yanageuka njano, wakati ambao joto halitakiwi kupanda wala kushuka. Asubuhi taa ikazima. Consolatha akaweka kiganja ukutani, akaona joto lipo. Akanusa, harufu nzuri. Lakini taa ilitoka kwa wasomi, naye akautilia shaka mkono wake mwenyewe. Akatia kuni, taa ikawaka. Ikazima, akatia tena. Kufika jioni tumbaku yote ilikuwa imebabuka.

Ambrosi akamsimanga mbele ya majirani kwamba wanawake hawajui vitu vya kisasa. Maneno hayo yalimchoma kuliko hasara. Na mkupuo wa pili ulikuwa tayari unaning'inia kwenye bani. Huo nao ukiungua, mwaka wao umekwisha.

Eustace, mtaalamu wa mradi, alipopita kukagua, Ambrosi akamsimulia kosa la mkewe. Eustace akashangaa. Kwani hakusema kwenye semina kwamba kauri ile hutoa umeme joto linapobadilika tu? Likitulia, taa huzima, na hapo ndipo panapotakiwa.

Consolatha alikuwa karibu, ameshika gogo. Alilitua chini taratibu, maana hasira ilikuwa imemjaa hadi vidoleni.

"Bwana Eustace, uliuliza nani anakaa na moto?"

Eustace akasema waliwaalika wakuu wa kaya. Ambrosi akaangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata semina ikarudiwa kwenye ofisi ya ushirika. Consolatha aliingia ananuka moshi, akapita katikati ya wanaume, akakaa benchi la mbele na kapu la majani yaliyoungua mapajani. Hakuna aliyemsogelea. Eustace akauliza kwa adabu kama mzee Ambrosi anaumwa.

"Mzima kabisa," akasema. "Yuko kwenye bani. Nimemwonyesha ukutani pa kuweka kiganja, miaka yote hii hakuwa anapajua. Haya, anza upya, na useme polepole. Safari hii wanaofanya kazi wanasikiliza."