Chembe za Buluu katika Ndagala za Émilienne

Pale ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, Émilienne, ambaye wengi humwita Mama Raphaël, alikuwa na maringo yake, na maringo hayo yalitokana na ndagala. Wenzake walianika visamaki hivyo juu ya mchanga. Yeye alitandaza shitingi, turubai la plastiki la buluu, tangu mwaka gani, mwenyewe hakumbuki. Ndagala zake hazikukwaruza meno, na hakukubali mtu asahau hilo. Akimpita jirani yake Immaculée, aliyeanika mchangani, alimuuliza kwa sauti: "Immaculée, leo unauzisha samaki ao mchanga ya plage?"

Ziwa nalo alilitetea kama ua wa nyumba yake. Abiria wa boti akitupa mfuko majini, Émilienne alimfokea mpaka mtu anatamani angeumeza huo mfuko.

Siku moja ya soko akashuka Kayitesi, yaani Mama Irakiza, mteja wake wa milimani, mtu wa ng'ombe na maziwa ambaye zamani hata harufu ya samaki ilimkimbiza. Émilienne ndiye aliyemfundisha kula ndagala, na sasa Kayitesi aliwapelekea majirani zake wote huko juu.

"Mama Raphaël, kule kwetu banasema ndagala yako ndiyo ya kweli ya Baraka. Banaangaliaka kwanza ile vitu vidogo ya bleu. Kama haiko, banakataa."

"Vitu gani ya bleu?"

Kayitesi akachota ndagala kiganjani, akamwonyesha. Chembe za buluu, ndogo kama chumvi, zilikuwa zimenata kwenye ngozi za samaki.

"Si ni kiungo yako?"

Émilienne alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaichukua shitingi, akaikung'uta ukingoni mwa maji. Jua lilikuwa limeichoma miaka yote ile, ikamwaga unga wa buluu. Unga ukaelea. Visamaki vikapanda, vikaanza kuudonoa, tena kwa kugombania. Akaikunja upesi, aibu imemjaa hadi masikioni.

Angeweza kunyamaza. Huko milimani nani angejua? Si wanaziulizia wenyewe? Lakini Kayitesi alikuwa akimsubiri na kikapu wazi, hana shaka naye hata kidogo, na hilo ndilo lililomshinda.

"Mama Irakiza, ile haiko kiungo. Ni shitingi yangu inakatika-katika. Nimekulisha plastiki, we na batoto bako."

Kayitesi akazirudisha ndagala zilizokuwa kiganjani.

"Na batoto bako?"

"Na bangu pia."

Émilienne akakibeba kikapu cha Kayitesi mwenyewe hadi kwa Immaculée. Akaomba ungo, akaketi mbele ya soko zima kupepeta mchanga kutoka kwenye ndagala za jirani yake, huku Immaculée akimtazama mdomo wazi. Mteja mwingine wa Émilienne akapita, akamuuliza ndagala zake za leo ziko wapi.

"Yangu hapana, baba. Nunua kwa Immaculée."

Hakuwahi kulisema neno hilo maishani, na lilimuuma kwelikweli. Kayitesi akachuchumaa kando yake, akaanza kumsaidia kuchambua.