Bi Duni na Msukule wa Kiembe Samaki

Bi Duni wa Kiponda alikuwa na kazi mbili, na zote alizifanya kwa mikono. Asubuhi alikaanga visheti vya kupeleka madukani. Na akifa mwanamke, mtaani kwake au mbali, alilitelemsha karai motoni hata kama mafuta yameshachemka, akaenda kumwosha maiti. Kazi ya kwanza ilimpa riziki. Ya pili hakutaka hata kushukuriwa sana, na ukizidisha shukrani alikukata kauli: "Na mie ntakuja kukoshwa na mtu."

Kuosha alifundishwa na mama yake kwao Mkokotoni, angali mwari. Somo la kwanza halikuwa namna ya kumgeuza maiti, wala kiasi cha karafuu maiti cha kutia kwenye maji ya mwisho. Lilikuwa kufunga mdomo. Unachokiona kwenye mwili wa mtu, kiwe kovu, kiwe ugonjwa, kiwe aibu, unakizika pamoja naye. Kwa hiyo mtafahamu jinsi roho ilivyomuungua siku aliposikia pale Darajani kwamba kumbe aliosha mgomba.

Mambo yalikuwa hivi. Saadiya, mtoto pekee wa Bi Tahiya wa Kiembe Samaki, aliamka mzima, akaanguka mchana, na kabla ya magharibi akawa maiti. Bi Tahiya na Bi Duni ni mashoga tangu usichana, basi Bi Duni ndiye aliyeitwa. Mama mtu alizimia mlangoni mwa chumba cha kuoshea, akabebwa, na uso wa mwanawe hakuuona tena. Na sisi watu wa Unguja tunajijua, kifo cha ghafla hatukiachi kikapita bure. Matanga hayajaondolewa, minong'ono imeshaanza: yule hakufa, kachukuliwa. Kafanywa msukule. Yuko mahali analima shamba la mtu, ulimi umekatwa, na kilichozikwa ni mgomba uliofanyiwa kiinimacho.

Baada ya miezi michache akaonekana msichana akitangatanga barabara ya uwanja wa ndege, hasikii wala hasemi. Kimo cha Saadiya, rangi ya Saadiya, hata mwendo. Jirani akamshika mkono akampeleka kwa Bi Tahiya, na Bi Tahiya hakuuliza neno. Alimkumbatia, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Mganga akaitwa. Akasema ndiye, ila bado hajarudi sawasawa. Asitolewe nje. Asionje chumvi, maana msukule akila chumvi hukimbia. Na apewe kazi ndogondogo za mikono, kwani kazi ndiyo aliyoizoea, akikaa bure atachafuka. Mganga yule ningemwita kwa jina linalomstahiki, lakini nasomwa na watu wenye heshima zao.

Habari zikafika mjini. Nyumba moja ya Malindi ilifiwa, wakatafuta mwosha mwingine. Muuza duka mmoja akamuuliza Bi Duni, huku anacheka, mgomba unakwenda na ndoo ngapi za maji. Bi Duni alichukua sinia lake la visheti akaondoka, na duka lile hakulipelekea tena mpaka leo.

Lililomkera zaidi ni kwamba alikuwa na la kusema. Mwilini mwa Saadiya aliona jambo ambalo mgomba hauwezi kuwa nalo, na lau angelitaja, watu wote wangenyamaza. Jambo gani? Hakumwambia mtu, na mimi sikumuuliza, maana bado napenda kula visheti vyake. Alilala nalo akaamka nalo. Mwisho alijisemea, "Nlilolifunika kwa sanda sitolifunua kwa ulimi," akaazimia kutafuta njia nyingine.

Alianzia Vuga kwa Wakil, mtoto wa kaka yake, anayesomesha fasihi chuo kikuu. Alimkuta ameikodolea macho televisheni, na ndani ya televisheni wamejaa wafu wenye nyuso zilizooza, wanamkimbiza mtu ndani ya duka kubwa.

"Shikamoo, shangazi. Karibu. Niko kazini."

"Marahaba. Ndiyo kazi hii?"

"Muhula huu nnasomesha mazombi."

Bi Duni akakaa, akawatazama wale wafu kwa jicho la mwenye fani yake. "Hawa hawakukoshwa," alisema.

Wakil alicheka mpaka akaizima televisheni. Kisha akamweleza. Hawa wanaokula watu ni wa juzi tu, wamezuliwa na watengeneza filamu. Wa mwanzo walikuwa Haiti, kwenye visiwa vya mbali, ambako watumwa waliotolewa huku Afrika walilimishwa miwa. Mtumwa alikuwa na tumaini moja, kwamba siku ya kufa atapumzika. Basi hofu yake kubwa ikawa kwamba yuko mtu anayeweza kumtoa kaburini aendelee kumlimia. Zombi wa hadithi hizo hakumla mtu. Alikuwa kimya, ameonewa, na chumvi hakupewa, kwa sababu akiionja atakumbuka yeye ni nani na atashika njia ya kwao. Wapo hata wataalamu waliokwenda kutafuta dawa inayomlaza mtu akadhaniwa kafa, wakadai ni sumu ya samaki aitwaye bunju. Wenzao wakawapinga, na ubishi haujesha.

"Bunju tunamjua," alisema Bi Duni. "Ukimla unakufa kweli. Hurudi kulima."

"Wengine wanachunguza kuvu anayemwingia sisimizi akamwendesha atakako yeye."

"Sisimizi niachie mbali. Nnataka kujua, huyo mtu wa Haiti, kilichomfanya zombi ni nini?"

"Kwa ninavyosoma mimi, shangazi, si kule kufa. Ni kunyang'anywa jina na kwao, kisha ukafungiwa ufanye kazi ya mtu mwengine."

Bi Duni alirudi nyumbani. Asubuhi alikaanga ng'onda, samaki mkavu aliyekolea chumvi, akamtia bakulini, akaenda Kiembe Samaki.

Bi Tahiya alimfungulia shingo upande. Uani alikuwapo yule msichana, amevaa nguo za Saadiya, anachagua mchele. Kweli alifanana naye. Bi Duni alilazimika kujikumbusha alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe. Bi Tahiya alipoingia ndani kusali adhuhuri, Bi Duni alilifunua bakuli. Msichana alikula samaki, akamumunya miiba, akalamba vidole, kisha akamtazama Bi Duni akacheka. Hakukimbia.

Ndipo Bi Duni alipoiona kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa imefungwa vipande vya matambara mwanzo hadi mwisho, fundo, nafasi, fundo, nafasi, zote sawasawa.

"Unayaona?" alisema Bi Tahiya, ametokea mlangoni. "Anafunga kila siku. Mganga kasema ni mafundo ya uchawi waliyomfungia."

Bi Duni aliishika ile kamba. Alikuwa amewaona wanawake wa pwani ya mashariki wamekaa mchangani, wanafunga vijiti vya mwani kwenye kamba kabla ya kwenda kuipanda baharini. Nafasi zilikuwa zile zile. Kusema bila ya ushahidi pale kungekuwa ni kugombana tu. Aliaga akaondoka.

Visheti vililala. Bi Duni alianza Jambiani, akapita Paje, akapita Chwaka, kila alipofika anawafuata wanawake wa mwani kwenye kamba zao na kuwauliza nani kapotelewa na binti asiyesikia. Walimtuma huku, wakamtuma kule, jua likampiga, wapo waliomwona ana wazimu. Alikuwa ameazimia kuimaliza pwani yote hadi Nungwi ikibidi. Alipofika Uroa alimkuta mwanamke mmoja, Bi Bashira, ambaye aliposikia swali tu aliiachia kamba yake. Mwanawe, Sichana, kiziwi tangu kuzaliwa, alikwenda mjini na gari ya harusi. Gari ilirudi bila yeye.

Siku ya pili walikwenda pamoja. Bi Duni alimwomba Bi Bashira angoje barazani, akaingia peke yake.

"Shoga yangu," alimwambia Bi Tahiya, "mie nlikuwa siamini kama misukule wapo. Sasa nnaamini. Mmoja nshamuona. Kanyang'anywa jina, kafungiwa, chumvi hapewi, anachagua mchele wa mtu. Yumo humu ndani mwako. Na aliyemfanya si mchawi. Ni wewe."

Bi Tahiya aliinua mkono ampige. Bi Duni hakurudi nyuma. Alikuwa akimhurumia hata machozi yakamlengalenga, lakini hakurudi nyuma.

"Mama yake yuko barazani," alisema. "Ulivyolia wewe, na yeye kalia vivyo hivyo. Tafauti ni kwamba wake yu hai. Fungua mlango."

Mkono ulibaki juu muda, kisha ukashuka. Bi Tahiya alikwenda kuufungua mlango mwenyewe. Sichana alipomwona mama yake alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mle ndani, akakimbia, wakashikana. Bi Bashira hakutukana wala hakulaani, ingawa alikuwa na haki. Alimfuta mwanawe uso, akamshika mkono. Walipokuwa wanaondoka, Sichana alirudi, akaivua kanga ya Saadiya aliyojitanda, akaikunja vizuri, akaiweka mikononi mwa Bi Tahiya.

Bi Tahiya alikaa chini uani, kanga mapajani, na Bi Duni akakaa karibu naye. Lile jambo aliloliona alipoosha hakulitaja hata hapo.

"Ulimkosha wewe?" aliuliza Bi Tahiya.

"Nlimkosha mie."

"Na nywele zake?"

"Nlizisuka mikia mitatu, kama ilivyo sunna, nkailaza nyuma."

Bi Tahiya aliinamisha uso kwenye ile kanga, na kilio alichokikosa siku ya maziko kikamtoka chote. Bi Duni alimwacha alie. Mwisho Bi Tahiya alijifuta uso kwa kanga ile ile.

"Alikuwa akilia akisukwa," alisema Bi Tahiya. "Tangu mdogo. Kichwa chake hakitaki kuvutwa."

"Nnajua," alisema Bi Duni. "Nlisuka polepole."