Harufu ya Udi Ngomeni

Haboba, nyanya yangu, alinilea kwa hadithi ya ngome. Askari wa Kisudani, babu zetu sisi Wanubi, waliishika kando ya Nile. Mama yake alizaliwa humo, maadui wakaizingira, wakashindwa. Baadaye Wabelgiji nao walikaa pale, wakaondoka. Kila alipoisimulia, kuta zilirefuka.

Kwa hiyo tulipokimbia Arua mwaka 1979, hatukumbishia. Baba alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, akikamatwa, amekwisha. Haboba alisema tungojee mtumbwi ngomeni, kuta zitatuficha.

Tulipofika hapakuwa na ukuta hata mmoja. Palikuwa na tuta la udongo na handaki lililojaa nyasi, basi, na upande mmoja mto mtupu. Nilitaka kumkasirikia yule bibi kizee, lakini hapakuwa na wakati. Tukalala handakini, baba chini kabisa, mimi nimemlalia mgongoni, mama na Haboba kando yetu.

Vijana wenye bunduki walikuja jua likiwa kali. Tuliwasikia wakipita. Kisha mmoja akasimama juu ya tuta.

"Hapa iko mutu," alisema. "Nasikia udi."

Zilikuwa nguo zetu. Kwetu mwanamke hatoki bila kufukiza nguo, na Haboba alikuwa amebeba chetezo njia nzima, akitufukiza kila alfajiri kana kwamba tunakwenda harusini. Mama aliniziba mdomo. Nilijikojolea, wala sioni haya kusema.

Haboba akainuka na chetezo chake kabla kijana hajashuka.

"Ni mimi peke yangu, mtoto yangu. Nakuja salimia wazee yangu, walizikwa hapa. Kuja niwaonyeshe. Huko kwa mto hakuna kitu."

Akawaongoza upande wa pili, akiisimulia ngome kwa sauti kubwa, kuta ndefu na yote. Baba alielewa. Tukatambaa kuelekea mtoni, nami nikamsikia anafika pale maadui wanaposhindwa. Mvuvi alituvusha. Haboba hatukumwona tena, na kaburi lake hatulijui.

Tulirudi Arua baada ya miaka mingi, nikaolewa huko Awindiri. Asubuhi ya harusi wanawake walileta chetezo wafukize nguo zangu. Moshi uliponifikia, nikakaa chini. Mama alikichukua chetezo akakitoa nje, nikaolewa nimevaa nguo zinazonukia sabuni.