Hodi ya Bi Shamsia

Bi Shamsia wa Kasulu hakuogopa kufa, aliogopa matanga. Aliwahi kushuhudia kwa macho yake ndugu wakipima vyumba kwa hatua kabla maji ya kuoshea maiti hayajakauka. Na yeye alikuwa na nyumba moja tu, yenye duka la vitambaa mbele, na mtu mmoja tu aliyemtaka abaki ndani yake: Tunu.

Tunu hakumzaa. Mama yake, Muha wa Titye, alikuwa mpangaji hapo, akafariki, na mtoto akaishia mgongoni kwa Bi Shamsia. Sasa Tunu ni mwanamke mzima, fundi cherehani, na mdomo anao. Lakini kwenye mirathi ya Kiislamu mtoto wa kulea si mrithi. Mrithi ni Khamisi, mdogo wake Bi Shamsia, mfanyabiashara wa Kibondo.

Jirani mmoja akamwambia dawa ni wakfu: nyumba ifungwe isiuzwe, iwekewe msimamizi, Tunu ale kodi. Bi Shamsia akalipenda neno lenyewe, lina heshima zake. Tatizo likawa msimamizi. Kila aliyemfikiria alimwona akila kodi yeye, na usingizi ukamruka.

Akavaa buibui lake la sikukuu, akaenda kwa wakili Zuhra.

"Bibi, nyumba unataka iwafae wengi, vizazi kwa vizazi?"

"Namtaka Tunu tu."

"Ni mtoto mdogo? Mgonjwa? Mfujaji?"

"Mfujaji! Huyo hata sindano iliyovunjika hatupi."

"Basi msimamizi amsimamie nini? Wakfu ni kitu kizuri, ila kwako ni mzigo wa bure. Wasia nao hautoshi, maana asiye mrithi hapati zaidi ya theluthi. Mpe hiba, yaani zawadi, ungali hai."

Bi Shamsia akashusha pumzi. Kumbe jepesi hivyo! Thubutu. Hiba, Zuhra akamweleza, haitimii kwa mdomo wala kwa karatasi peke yake. Aliyepewa lazima akabidhiwe. Bi Shamsia atoke na vyombo vyake, watu waone, Tunu ashike funguo.

"Na kurudi je?"

"Akikukaribisha, hiyo ni hiari yake."

Njia nzima Bi Shamsia alishika fundo la khanga lenye funguo kama mtu anayetembea na wezi. Na bado kulikuwa na Khamisi! Akampigia simu akamweleza, naye akaja asubuhi yake na pikapu, uso hausomeki. Bi Shamsia alikuwa na majibu makali tayari. Hakuna hata moja lililotumika.

"Dada, ndilo hilo tu?" Khamisi akacheka. "Mimi nimeshindwa na bati la kwangu linalovuja, unitwishe na la kwako? Huyu ni mpwa wangu, nimemwona anaota meno. Lete godoro."

Akawa shahidi mbele ya majirani, kisha akapakia vyombo. Bi Shamsia akafungua fundo, akampa Tunu funguo, akapanda gari haraka, asije akabadili nia.

Kibondo alikaa mwezi mzima. Wifi yake alimlisha vizuri, lakini moyo ulikuwa Kasulu. Tunu akipiga simu alizungumzia nguo za wateja. La kumwambia arudi hakuligusa. Mwisho Bi Shamsia akajirudia mwenyewe, bila kuitwa.

Mlangoni mkono ukaenda kwenye fundo la khanga. Hapana kitu. Ikabidi afanye asilowahi kufanya pale.

"Hodi!"

Cherehani ikanyamaza. Tunu akatokea, futi ya kupimia shingoni, macho yamejaa machozi.

"Nilikuwa naogopa kukuita, mama, usije ukaona nakuamrisha nyumbani kwako."

"Kwako," akasahihisha Bi Shamsia.

"Haya, kwangu. Mgeni atakaa siku ngapi?"

"Mpaka unizike."

"Basi karibu. Ila viatu nje, nimepiga deki."

Bi Shamsia akavua viatu, akaingia, akalala mpaka Tunu alipokuja kumwamsha aswali alasiri.