Jino Walilotaka Ling'olewe

Machakos ya miaka ya tisini, ukienda kwa daktari wa meno ulitakiwa urudi na pengo. Mimi nilirudi na jino langu mdomoni, na hiyo ikawa kesi.

Daktari alikuwa amepasua ufizi wa juu, akakata ncha ya mzizi wa jino la mbele iliyokuwa imeoza, akasafisha usaha, akashona. Nyuzi zikiachia, uchafu ukaingia, akaniambia, jino limeenda. Nami nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Fa, fe, fi utaifundisha vipi na pengo? Watoto wangenicheka mpaka Krismasi. Nililitaka hilo jino, jameni!

Basi wakaja kuniona, akina mama wa kanisa na sufuria zao. Mgonjwa hawezi kutafuna, wao wanamletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, halafu wanakaa wakukodolee macho mpaka ule.

"Ati walikupasua na jino wakaliacha? Sasa ulienda kufanya nini?"

Wakacheka. Watu wazima na akili zao, eti!

Lakini kwa ujuaji hakuna aliyemfikia shangazi ya mume wangu. Uso wangu ulikuwa umevimba, nikiongea hata mimi sijisikii. Akainama, akainua mdomo wangu kwa kidole, akashindilia mbake, ule ugoro wake wa tumbaku, juu ya nyuzi.

"Tulia. Hii inaua uchungu."

Niliruka nikatema damu na ugoro sakafuni. Wale wengine wakasema afadhali, ugonjwa unatoka. Ptuu! Kesho yake daktari aliosha, akashona upya, akanitazama kama mjinga ni mimi. Nikarudi kwa uji wa kijiko, na kila kijiko nilimchukia yule mama.

Jino likashika. Siku aliyokuja tena nilichoma hindi makusudi, nikakaa mbele yake, nikaling'ata kwa jino lile lile. Ajionee, mjuaji!

Alinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akafungua mdomo wake akanionyesha. Ufizi mtupu, huku na huku.

"Yangu yaling'olewa moja moja, kila lilipouma," akasema. "Kumbe yangeweza kubaki?"

"Sijui, mama," nikamjibu. Nilijua vizuri sana.