Mlima Uliopanda Juu

Safari hii aliyesema mlima unatembea si mimi. Mimi nimeshasema mengi, pamoja na siku niliyoifunga radi kwa kamba ya mbuzi mpaka ikaomba radhi. Lakini hili la mlima lilisemwa na vyombo vya mjukuu wangu, vyombo visivyojua utani.

Mjukuu huyo tunamwita Sentimita. Alipokuwa mdogo alipima kila kitu kwa kidole: mkate, kivuli cha paka, pua ya babu yake alipolala. Akakua, akasomea upimaji wa ardhi. Mlima ulio nyuma ya nyumba zetu ulipomwaga udongo ukazika karakana ya seremala, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuulinda. Alisimika nguzo mlimani, kila nguzo na kipokezi kinachosikiliza satelaiti, ili udongo ukisogea hata upana wa kidole king'ora kilie, sisi wa chini tukimbie.

Kuchagua moduli, kile kijisanduku cha kunasa mawimbi ya satelaiti, ya kuweka ndani ya vipokezi vile kulimkondesha. Ofisi ilitaka ile inayosikia wimbi la aina moja tu. Akaijaribu uani kwangu, ikababaika. Mawimbi yaligonga bati yakarudi, nayo ikadhani mara iko jikoni, mara iko kwa jirani. "Hii imekurithi, bibi," akaniambia. "Inaapa iko mahali na haipo." Akachagua inayosikia mawimbi ya aina kadhaa, akaitetea mbele ya mhandisi wake mpaka akasema ikikosea afukuzwe yeye.

Halafu kuna kituo mama, kile kinachokaa pasipotikisika ili vingine vyote vijipime kwake. Hicho akakiweka uani kwangu, juu ya nguzo ya zege. Kwangu kuna umeme, na mwizi gani atapita hapa nisimshike kwa maneno mpaka kuche?

Mvua zikaanza. Mchana mmoja mhandisi akaingia sebuleni kwangu amelowa chapachapa. Mlango ulimsumbua, tangu asubuhi ulikuwa unakwama. Nikamwambia umenuna, una wivu na wageni wa kiume. Hakucheka.

"Sentimita, mlima wako unapanda juu."

"Nimeona, bosi."

"Udongo unapanda mlima! Tangu lini? Ofisi nzima inatucheka. Jioni navitoa vyombo vyote."

"Vikitoka, hawa watu watalindwa na nini?"

"Na macho yao. Walikuwa nayo kabla yako."

Sentimita akavaa koti lake. Akatoka nje mvuani, akabadilisha antena ya kituo mama. Kwenye kompyuta nguzo zote za mlimani bado zinapanda. Akabadilisha waya, akakagua viungio kama vimeingia maji, vikavu. Akachomoa moduli, akaweka mpya. Zinapanda. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupayuka, na mtoto wa watu jasho linamtiririka katika baridi ile.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "labda mlima umetuchoka, unahama."

"Bibi, nyamaza kidogo."

Mjukuu wangu huyu hajawahi kuninyamazisha.

Akamgeuzia mhandisi kompyuta. "Kipokezi kibovu kingekosea peke yake. Hivi vyote vinakwenda upande mmoja, kiasi kilekile, kama askari kwenye gwaride."

"Basi ndiyo ubovu wa moduli ulizochagua."

"Au vimesimama." Akaweka kidole kwenye nukta ya juu. "Nguzo ya juu kabisa iko kwenye mwamba. Nataka hiyo ndiyo iwe mama. Zote zijipime kwake, na hii ya hapa uani pia."

Akabonyeza. Tukangoja. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza.

Nguzo za mlimani zikatulia, moja baada ya nyingine. Ikabaki nukta moja tu inayotembea, ile ya uani kwangu, nayo ilikuwa inashuka kuelekea bondeni. Mhandisi akaisogelea, akaitazama, kisha akatazama miguu yake.

"Bibi, toka," akasema Sentimita.

"Ngoja nichukue blanketi—"

"Toka!"

King'ora hakikulia chenyewe; kilifundishwa kuuogopa mlima, si uani kwangu. Akakiliza kwa mkono. Mlango nao ukakataa kabisa. Mhandisi akausukuma kwa bega, wapi! Akanibeba, akanipitisha dirishani kama gunia, mimi namwambia taratibu, mimi ni mke wa mtu. Sentimita akashuka mbio kwa majirani wa chini, akigonga kila mlango. Mshona nguo akatoka na cherehani kichwani, watoto mbele.

Tulikuwa barabarani sote, tumehesabiana, ndipo uwanja wangu wa nyuma ukaondoka. Haukukimbia. Uliinama kama mtu anayetafuta sindano, kisha ukaenda zake na jiko, kamba ya nguo na ile nguzo ya zege, ukapita juu ya kitanda cha mshona nguo.

Sentimita alikuwa ameifunika kompyuta kwa koti lake.

"Bado kinatangaza," akasema. "Betri yake nzima."

Kituo mama kilikuwa bondeni, kimezikwa nusu kwenye matope, kikiviapia vipokezi vyote kwamba kiko palepale, uani kwa bibi. Na watu wananiita mimi mwongo.

Jioni ile mhandisi hakutoa chombo hata kimoja. Alikaa ukingoni mwa barabara akishika kiuno kilichonibeba, akamuuliza Sentimita anataka vyombo vingine viwekwe wapi.

"Kwenye nyumba," akasema. "Kila nyumba."

Mhandisi akaniangalia mimi, akaangalia kiuno chake, akatikisa kichwa kukubali.