Dakika Moja kwa Wanawake wa Sapiwi

Nje ya kibanda umiza cha Salu, banda la kuonyeshea mpira karibu na soko la Bariadi, kuna ubao ambapo mechi za siku huandikwa kwa chaki. Jumanne hiyo ubao ulikuwa na neno moja tu: TANZANIA. Waendesha bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria walisogea kuuliza.

"Salu, leo Stars wanacheza na nani?"

"Na dunia nzima," alijibu Salu huku akifunga pazia ili jua lisipige skrini.

"Kombe gani hilo?"

"Muulizeni Mama Milembe. Ndiye mwenye mechi."

Ndani, viti vya plastiki vilikuwa vimejaa wanawake. Wengi walitoka kata ya Sapiwi, wengine walikuwa wachuuzi wa soko hilohilo waliofunga meza zao mapema. Kwenye skrini hapakuwa na uwanja. Palikuwa na ukumbi mkubwa wa mviringo ulioko Geneva, wenye watu waliovaa suti na dari la rangi nyingi lililojaa vitu mfano wa miiba inayoning'inia.

"Hilo dari si litawaangukia?" aliuliza mmoja.

"Likianguka, lisubiri kwanza watusomee sentensi yetu," alisema Milembe Mboje, na kicheko kikaanzia viti vya mbele kikaishia mlangoni.

Milembe ana miaka arobaini na moja. Ni mkulima wa pamba na mahindi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alichokuwa akikisubiri si kigumu kueleza. Kila baada ya miaka kadhaa, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa huketi mbele ya nchi nyingine na kuulizwa inavyotunza haki za binadamu. Nchi inayotaka kutoa pendekezo hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika moja au pungufu. Muda ukiisha, kipaza sauti kinazimwa. Mwisho wa yote serikali hutakiwa kujibu, pendekezo kwa pendekezo, lipi inalikubali na lipi hapana.

Milembe na wenzake walitaka pendekezo moja: mjamzito apokelewe kliniki hata akija bila mume. Lisiposomwa siku hiyo, wangesubiri miaka mpaka zamu ya Tanzania irudi. Mstari wa pili alikaa Kwandu, binti wa kaka yake Milembe, mwenye mimba ya miezi mitano na asiye na kadi ya kliniki. Alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili kwa kwenda bila mume.

Milembe anaijua safari hiyo ya kurudishwa. Alizaliwa Sapiwi, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Limbu kwa ng'ombe ambao baba yake aliwachagua mmoja mmoja. Mwaka mmoja malisho yalipokauka, Limbu alifanya walivyofanya wanaume wengi wa Kisukuma: aliswaga mifugo kuelekea Katavi. Alimwacha mkewe na watoto wawili na mimba changa. Zahanati alikokwenda Milembe walimwambia aje na mume. Akasema mume yuko na ng'ombe. Basi alete barua ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa na kikao. Siku ya pili alikuwa na kikao kingine. Siku ya tatu alitaka kwanza athibitishiwe kwamba mimba ni ya huyo Limbu. Milembe alirudi shambani. Alijifungulia nyumbani, na mtoto hakuishi.

Limbu aliporudi na mvua, hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama mtoto alikuwa wa kiume au wa kike.

Tangu hapo Milembe alijipa kazi isiyo na mshahara. Mwanamke yeyote wa kijijini aliyerudishwa alipitia kwake, na asubuhi iliyofuata wakaenda wote wawili. Hakugombana na wauguzi. Aliketi kwenye benchi akasalimia kila aliyepita, akaendelea kusalimia, mpaka ikawa rahisi kumhudumia mgonjwa wake kuliko kuendelea kumtazama yeye. Baadhi walipokelewa. Wengi hawakupokelewa.

Aliyempeleka mbali zaidi ya benchi ni Harieth Tumsifu, mwanasheria kijana mwenyeji wa Kilimanjaro anayefanya kazi na asasi ndogo ya mjini Bariadi. Harieth alifika Sapiwi kukusanya maoni kwa ajili ya ripoti ambayo asasi za kiraia huipeleka Geneva kabla ya mapitio hayo. Wanawake walizungumza kutwa nzima. Jioni Harieth akawasomea sentensi aliyotunga: serikali iimarishe upatikanaji wa huduma jumuishi za afya ya uzazi kwa makundi yote.

"Hiyo hata mtendaji wetu angeipigia makofi," alisema Milembe.

"Basi semeni ninyi, mama zangu, mimi niandike."

Wakasema. Sentensi yao ilianza na ukame, ikaingia kwenye mahari, ikafuata ng'ombe mpaka Katavi, ikarudi kwa mtendaji na vikao vyake, ikamtaja na babake mtendaji. Harieth aliweka kalamu chini, akacheka mpaka machozi.

"Mama, ni dakika moja! Mkimaliza kuvusha ng'ombe, kipaza sauti kimezimwa."

Walivutana kwa siku kadhaa. Babake mtendaji akaondolewa bila ubishi mkubwa. Mtendaji mwenyewe akaondoka kwa shida. Ng'ombe ndio walioleta vita, kwa sababu Milembe alishikilia kwamba asiyejua habari za ng'ombe atadhani wanawake wa Sapiwi wameachika. Mwishowe ng'ombe nao wakaondolewa. Ikabaki sentensi inayosemeka kwa pumzi moja.

Kilichofuata ni kuwatafuta wa kuisema. Nchi haijitolei mapendekezo yenyewe. Lazima nchi nyingine ilibebe neno lako. Kwa hiyo Harieth na Milembe walisafiri mpaka Dar es Salaam, kwenye ukumbi ambako asasi zilikutana na maofisa wa balozi, meza kwa meza, dakika chache kila meza, kengele ikilia unahama.

Meza ya kwanza aliketi kijana wa nchi moja yenye malisho makubwa, aliyejifunza Kiswahili chuoni. Milembe alipiga goti kidogo kama alivyolelewa, kisha akaanza salamu. Kwao salamu si neno moja. Aliuliza hali ya kijana, hali ya mama yake, hali ya nyumba. Akauliza kama kwao kuna ng'ombe. Kijana akachangamka: baba yake ni mfugaji! Wana maziwa? Wanayo. Mvua je? Mwaka huu haba. Milembe akasikitika kwa dhati.

"Na kwako, mama, nani anachunga?"

"Mume wangu. Wakati mwingine anakwenda nao Katavi."

"Mbali?"

"Mbali sana, mwanangu. Unaweza kubeba mimba ukazaa hajarudi."

Kengele ikalia. Harieth alikuwa ameinamia meza, kichwa mikononi.

"Mama Milembe! Dakika zote zimeliwa na ng'ombe! Hujamsomea sentensi!"

"Mtu humjui, hajui kwenu, utaanzaje kumweleza habari za tumbo?"

"Hapa ndivyo wanavyofanya!"

"Basi wana haraka na matumbo ya watu."

Meza zilizofuata walikubaliana Milembe asalimie kwa neno moja tu. Sentensi ikasomwa vizuri, na nchi tatu zikaahidi. Kwa kuwa majina ya maofisa yalikuwa magumu, Milembe aliwabatiza: Mrefu, Mama Miwani na Bwana Tai. Yule kijana wa kwanza, aliyeitwa Mfugaji, hakuhesabiwa.

Ndiyo maana Jumanne ile katika kibanda cha Salu kulikuwa na mashabiki wa Mrefu, mashabiki wa Mama Miwani na mashabiki wa Bwana Tai. Harieth alikaa karibu na spika akitafsiri kutoka Kiingereza, na wale wa nyuma wakapokezana maneno kwa Kisukuma. Mtandao ukikwama, Salu alizomewa kama refa.

Ikaja zamu ya nchi ya Bwana Tai. Msemaji akasifu, akashukuru, akazungumzia magereza, akamaliza.

"Na sisi?" aliuliza shabiki wake.

"Hakutusema."

"Ametuuza!"

"Nilikuambia," alidakia mwingine, "mwanamume anayeshikashika tai vile hana msimamo."

Nchi ya Mrefu ilisema juu ya afya kwa maneno mapana, yale yale ambayo Sapiwi ilikuwa imeyakataa jioni ya kwanza. Harieth aliyatafsiri kwa sauti ndogo. Makofi yalikuwa machache ya adabu.

Kisha nchi ya Mama Miwani. Mwanamke mwenyewe alionekana kwenye skrini, na upande mzima wa kushoto ukasimama. Alisoma harakaharaka. Pendekezo la kwanza, la pili. Harieth alikuwa akikimbizana naye: "La tatu, anasema, kuhakikisha wanawake wajawazito wana—"

Kipaza sauti kikazimwa. Midomo ya Mama Miwani ikaendelea kutembea bila sauti.

Kibanda kililipuka. Mtu aliyepita nje angedhani goli limekataliwa. "Wana nini? Wajawazito wana nini?" "Salu, washa!" "Si mimi, ni Geneva!" Bodaboda waliokuwa mlangoni wakaingia kutazama. Wanawake wakageukiana: je, hiyo inahesabika? Harieth alikiri kwamba hajui. Milembe alimtazama Kwandu, na Kwandu alikuwa akitazama sakafu.

Nchi zikaendelea kupita. Baadhi ya wanawake walianza kutafuta viatu vyao. Ndipo mzungumzaji mmoja, mzee mwenye mvi, akaanza kusoma taratibu, na Harieth akaacha kutafsiri.

"Nini?" alisema Milembe.

Harieth alitikisa kichwa, macho kwenye skrini.

"Sema, wewe mtoto! Sema!"

"Anasema..." Harieth alisimama juu ya kiti. "Anasema Tanzania ihakikishe kila mjamzito anapokelewa kliniki hata kama mwenzi wake hayupo. Wakiwemo wanawake ambao waume wao wako mbali na mifugo!"

"Mifugo?"

"Mifugo! Amesema mifugo! Ni nchi ya Mfugaji!"

Vigelegele vilianza kabla hajamaliza. Viti vilianguka. Bibi mmoja wa Sapiwi alishika pindo la kanga yake akaanza kucheza katikati ya njia, na wengine wakampokea kwa wimbo wa kulimia. Dereva mmoja wa bodaboda, asiyejua kilichotokea, alipiga honi nje kwa muda mrefu. Milembe alikuwa amekaa. Alikuwa akicheka na kujifuta uso kwa wakati mmoja, akirudia neno lile lile: "Walituondolea ng'ombe, wakarudi wenyewe."

Mtu mmoja tu hakuwa amesimama. Benedikta, mratibu wa huduma za mama na mtoto wa wilaya, mwenyeji wa Ruvuma, alikuwa amealikwa na Harieth na alikuja, jambo ambalo halikuwa lazima. Alikaa pembeni na pochi yake mapajani. Kelele zilipopungua, Milembe alimgeukia.

"Mama Benedikta, umesikia?"

"Nimesikia, na nawapongeza. Lakini hilo ni pendekezo. Serikali itakaa, itatafakari, itajibu."

"Serikali ya wapi?"

"Ya nchi, mama."

"Hapa Bariadi, kwenye habari za kliniki, serikali si ndiyo wewe?"

Kicheko kikapasuka, na Benedikta mwenyewe hakuweza kujizuia. Kisha akazungumza kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba atanukuliwa. Utaratibu, alisema, unahimiza wenzi waje pamoja kwa sababu kuna vipimo vinavyowahusu wote wawili. Unahimiza. Haumruhusu mtu kumrudisha mwanamke nyumbani. Kurudisha watu ni mazoea yaliyoota pahala fulani fulani, na yeye amekuwa akiyasikia.

"Ukayafanya nini?" aliuliza Milembe, bila ukali.

Benedikta alitoa simu, akampigia mganga mfawidhi wa zahanati iliyomrudisha Kwandu, na kwa kuwa kibanda kizima kilikuwa kimemwinamia, akaiweka simu kwenye spika wote wasikie. Alimwambia kwamba kesho atakuja mama bila mume na bila barua, na apokelewe, na atakayefuata vivyo hivyo. Sauti ya upande wa pili iliuliza kama kuna waraka.

"Waraka utaukuta kwako wiki hii, wenye sahihi yangu," alisema Benedikta. "Mama atakukuta kesho."

Asubuhi Milembe aliamka mapema, akavaa kitenge chake kizuri, akampitia Kwandu. Walitembea pamoja mpaka kwenye benchi la zahanati, benchi alilolikalia miaka hiyo yote na wanawake wa watu. Muuguzi alitokeza mlangoni.

"Kwandu ni nani? Karibu ndani."

Milembe alinyanyuka naye. Kwandu akamgusa bega, akamrudisha kukaa.

"Shangazi, wewe unaenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Si mmesema mpaka Geneva kwamba nipokelewe peke yangu?"

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Milembe akabaki nje, mikono mapajani, hana wa kumsalimia.